Taa za njano za Bugarama: Joto linalokula taa, waya na mtaji

BUJUMBURA. Gari linaloondoka hapa jioni likiwa na mzigo huanza safari katika joto la ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kabla halijamaliza kilomita 40 linakuwa limefika Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu. Huko watu wamevaa makoti, na wauza kabichi na karoti kando ya barabara wanaonekana kama vivuli. Ukungu umeshuka. Mbele kuna lori linalopanda polepole, ubavuni kuna vijana wa baiskeli walioshikilia tela ili wavutwe hadi juu, na upande wa pili wengine wanateremka kwa kasi na magunia ya makaa au mikungu ya ndizi.

Hapo ndipo dereva anapobonyeza swichi ya taa za ukungu, zile ndogo zilizo chini kwenye bampa. Na hapo ndipo mfanyabiashara aliyebadilisha balbu zake mjini anapojua kama alinunua mwanga au alinunua hasara.

Njia hii haikwepeki kirahisi. Bugarama ndipo barabara inapogawanyika: moja inakwenda Kayanza hadi mpaka wa Rwanda huko Kanyaru, nyingine inakwenda Muramvya na Gitega. Anayekwenda Tanzania kwa njia ya Muyinga na Kobero naye hupanda mlima huohuo. Kwa sababu hiyo balbu za njano zina soko Bujumbura. Zinatoka China, nyingi zikipitia Dubai au Kariakoo, na kufungwa kwenye gereji za Buyenzi, mtaa wa Waswahili unaojulikana kwa mafundi magari wake.

Malalamiko yanayorudi kwa wauzaji yanafanana. Kioo cha taa kimepinda au kimekuwa cha maziwa. Soketi imeyeyuka na balbu haitoki tena. Fyuzi inakatika kila usiku. Wateja wengi hulaumu rangi, wakisema balbu ya njano ina moto kuliko nyeupe. Rangi ina sehemu ndogo tu katika kesi hii. Wati, namba ya kitako na waya ndivyo vyenye mzigo mkubwa wa lawama.

Joto linatoka wapi

Balbu ya kawaida ya gari, ile ya halojeni, ni jiko dogo linalotoa mwanga. Kati ya umeme wote inaokula, chini ya sehemu moja ya kumi hugeuka mwanga unaoonekana. Sehemu iliyobaki yote ni joto. Uzi wake hufikia zaidi ya nyuzi joto 2,500 za Selsiasi, na ganda lake la kioo lazima lipite nyuzi 250 hivi ili gesi iliyo ndani ifanye kazi yake ya kurudisha madini kwenye uzi. Balbu ya halojeni ni lazima iwe na moto, na kasha la taa hutengenezwa kwa kuzingatia hilo.

Rangi ya njano hupatikana kwa kupaka ganda hilo utando unaozuia mwanga wa bluu. Mwanga uliozuiwa haupotei bure, hubaki kwenye kioo kama joto. Lakini nyongeza hiyo ni ndogo ikilinganishwa na joto ambalo balbu inalo tayari. Balbu ya njano ya wati 55 iliyotengenezwa vizuri haitayeyusha kasha lililotengenezwa kwa wati 55.

Tatizo huanza pale mteja anapogundua kwamba balbu ya njano inatoa mwanga pungufu kuliko nyeupe, kwa kuwa sehemu ya mwanga imechujwa. Anarudi dukani kutaka yenye nguvu zaidi. Muuzaji anamtolea ya wati 100, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Sasa ndani ya kasha lilelile dogo, lililofungwa lisiingize maji, kuna joto karibu mara mbili ya lile lililokusudiwa.

Vioo vya taa za kisasa vingi si vioo. Ni plastiki ngumu ya polikaboneti, ambayo huanza kulainika inapokaribia nyuzi 140. Rifleksa, yaani sahani ya fedha iliyo nyuma ya balbu, nayo mara nyingi ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba unaong'aa. Joto likizidi, utando huo hubabuka na kuwa mweusi, na mwanga uliokuwa ukipelekwa barabarani hupotelea ndani ya kasha. Mteja aliyetaka mwanga zaidi anaishia kuwa na mwanga kidogo kuliko aliokuwa nao mwanzo.

Namba ya kitako

Kosa la pili halionekani kwa macho ya haraka, na ndilo linalowapata hata mafundi wenye nia njema. Balbu za aina ya H8, H9, H11 na H16 zina umbo linalokaribiana mno. Ukiziweka mezani bila maboksi, mtu asiyezoea anaweza kudhani ni kitu kimoja. Lakini H8 ni ya wati 35, H9 ni ya wati 65, H11 ni ya wati 55, na H16 ni ya wati 19 tu.

Watengenezaji walijua hatari hiyo. Waliweka vijino vidogo kwenye kitako, tofauti kwa kila aina, ili balbu ya moto mkubwa isiingie kwenye kasha la moto mdogo. Fundi anapokuta balbu haiingii, kijino hicho kinamwambia kitu. Kwa bahati mbaya, jibu la gereji nyingi ni kisu au tupa: kijino kinakatwa, balbu inaingia, mteja anaondoka akiwa na furaha.

Baadhi ya Toyota za miaka ya karibuni zinazofika Afrika Mashariki kutoka Japani zina taa za ukungu za H16. Kasha lake ni dogo na jepesi kwa sababu lilipimwa kwa wati 19. Kuweka humo H11 ya wati 55 ni kuweka moto karibu mara tatu ya uliokusudiwa, hata kama boksi limeandikwa wati za kawaida na hata kama balbu ni halisi. Hapa mteja hakudanganywa kuhusu ubora. Amepewa kitu kizuri kisicho cha gari lake.

Kinga yake haina gharama. Balbu ya zamani inapotolewa, isomwe kwanza. Namba na wati huandikwa kwenye chuma au plastiki ya kitako, na mara nyingi hurudiwa nyuma ya kasha la taa lenyewe. Namba mbili zikilingana, kazi iendelee. Kijino kikikataa, balbu irudi dukani.

Fyuzi ilipokatika ilikuwa inasema kweli

Taa inayoyeyuka ni hasara ya bampa. Waya unaoyeyuka ni hasara ya gari na mzigo. Hesabu yake ni rahisi na kila mfanyabiashara anaweza kuifanya kwa simu yake: gawanya wati kwa volti, unapata ampea.

Balbu mbili za wati 55 kwenye gari la volti 12 zinavuta ampea 9 na kitu. Kwenye gari lenye fyuzi ya ampea 15, hakuna shida. Balbu mbili za wati 100 zinavuta karibu ampea 17, na hiyo ni kabla ya kuhesabu kwamba injini ikiwaka umeme hupanda hadi volti 14 hivi. Fyuzi itakatika, na inafanya kazi iliyowekewa.

Kinachofuata ndicho cha kuogopwa. Dereva aliye njiani anaweka fyuzi ya ampea 30, au anafunga kipande cha waya au karatasi ya sigara yenye bati mahali pa fyuzi. Taa zinawaka. Lakini waya wa kiwandani ni uleule mwembamba. Joto ndani ya waya haliongezeki sawasawa na umeme, linaongezeka kwa kipeo cha pili: umeme ukipanda kutoka ampea 9 hadi 17, joto la waya linapita mara tatu. Mpira wa waya unalainika, nyaya zinagusana nyuma ya dashibodi, na hakuna fyuzi ya kuzikata. Harufu ya plastiki inayoungua ndani ya gari lililojaa vitenge au katoni ni ishara ya kusimama palepale, kuzima gari na kutoa kichwa cha betri.

Mwenye sababu ya kweli ya kuongeza taa anatakiwa kuzipa njia yake: waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, fyuzi yake karibu kabisa na betri, na rilei inayobeba umeme mkubwa ili swichi ndogo ya dashibodi isiubebe. Fundi umeme mzuri hufanya kazi hiyo kwa saa chache. Kuunga taa mpya kwenye waya wa taa za kuegesha, kama inavyofanyika mara nyingi, ni kuuhamisha moto kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Wenye malori wana hesabu yao. Malori mengi yanatumia volti 24, na balbu zake za taa za ukungu kwa kawaida ni za wati 70. Balbu ya volti 12 ikiwekwa huko huungua mara moja na inaweza kupasuka. Wako wanaofunga mbili kwa mfuatano ili zigawane umeme, lakini moja ikifa na ya pili inazimika, tena katikati ya ukungu.

LED nayo ina joto lake

Siku hizi wateja wengi wanaulizia LED za njano wakiamini hazina joto. Ni kweli kwamba zinakula umeme kidogo na haziyeyushi kioo cha mbele kwa urahisi, kwa sababu mwanga wake haubebi joto jingi. Joto la LED linakwenda nyuma, kwenye shina lake. Ndiyo maana ina mapezi ya alumini na feni ndogo.

Ukiifungia feni hiyo ndani ya kasha dogo lisilo na hewa, itazungusha hewa ileile ya moto. LED inayopata joto kupita kiasi hufifia kwanza, kisha hufa kabla ya wakati. Zilizo kwenye bampa zina adui wa pili: vumbi na tope la barabara za mikoani huziba mapezi na kuua feni. Kufunika sehemu ya nyuma kwa gundi ya silikoni ili maji yasiingie, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya, ni kuivalisha blanketi.

Namba za kwenye boksi nazo ni za kuangaliwa. Boksi likisema wati 200 kwa kitu kinachoingia kiganjani, kipimo cha ampea kitamaliza ubishi. LED inayovuta ampea 2 kwenye volti 12 ni ya wati 24, chochote kilichoandikwa nje. Na seti zinazokuja na vipande vya kuzuia umeme, vile vya rangi ya dhahabu vya kuondoa taa ya onyo kwenye dashibodi, zina joto la halojeni kwa mlango wa nyuma. Kipande cha omu 6 kwenye volti 14 kinatoa joto la zaidi ya wati 30. Kifungwe kwenye chuma, kisiguse plastiki wala waya.

Njano inasaidia kweli?

Watu wazima wa ukanda huu unaozungumza Kifaransa wanakumbuka Peugeot za zamani zenye taa za njano. Ufaransa ililazimisha rangi hiyo kwa taa za mbele tangu miaka ya 1930 hadi 1993, ilipofuata kanuni za pamoja za Ulaya. Imani kwamba njano hupenya ukungu ina mizizi mirefu.

Matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi. Hurudisha njano na nyeupe karibu sawa. Faida ya njano iko kwenye jicho: madereva wengi huona haiwachomi kama nyeupe yenye bluu. Faida kubwa ya taa ya ukungu iko mahali ilipo na umbo la mwanga wake. Iko chini, inatupa mwanga mpana na mfupi, na juu yake kuna mstari mkali wa giza, hivyo haiwashi ukungu ulio mbele ya macho ya dereva.

Hilo lina maana ya pekee Burundi. Hapa magari hupita kulia, kama Rwanda na Kongo, wakati Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto. Magari mengi yaliyotoka Japani yana usukani wa kulia na taa kubwa zilizotengenezwa kwa nchi ya kupita kushoto: hata zikiinamishwa, mwanga wake huinuka kidogo upande wa kushoto. Ukishavuka Kobero kuingia Burundi, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Mwanga wa taa ya ukungu uko sawa pande zote mbili, kwa hiyo haumchomi mtu upande wowote wa mpaka, mradi balbu ni ya kasha lake. LED iliyokaa vibaya au balbu iliyokatwa kijino huhamisha kiini cha mwanga, mstari wa giza unavunjika, na taa iliyokusudiwa kuokoa inampofusha kijana wa baiskeli anayeteremka.

Namna ya kuzitumia nayo inahusika na joto. Kwenye mlima, nyuma ya lori linalotambaa, hakuna upepo wa kupooza taa. Tope kavu kwenye kioo hunasa joto, na kioo halisi kilichopata moto kinaweza kupasuka kikirushiwa maji baridi ya dimbwi. Taa zifutwe kabla ya kupanda na zizimwe ukungu unapoisha. Kuwasha taa za ukungu kama pambo kwenye foleni ya mjini Bujumbura, katika joto la bondeni, ni kuzichosha bure.

Mezani kwa muuzaji

Kwa anayefanya biashara ya vipuri kuvuka mpaka, joto hili linageuka hesabu ya duka. Balbu inayoyeyusha kasha hairudi peke yake. Inarudi na mteja, na mteja anarudi na maneno.

Anayenunua Kariakoo au Dubai anaweza kujikinga kwa mambo machache. Aagize kwa namba ya kitako, na asikubali maelezo ya jumla kama balbu ya Toyota. Atenganishe mzigo wa volti 12 na wa volti 24 tangu dukani. Atafute alama ya E ndani ya duara pamoja na namba, inayoonyesha kwamba balbu imeidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, akikumbuka kwamba alama hughushiwa. Kwa hiyo apime sampuli chache kwa kipimo cha ampea kabla ya kulipa. Za wati 100 na zaidi aziache, au aziuze kwa wenye taa za nje za ziada zenye waya na rilei zake. Balbu za halojeni zilizoshikwa kioo kwa vidole vyenye mafuta zifutwe kwa spiriti, maana mafuta hufanya sehemu moja ya kioo ipate moto zaidi na kupasua balbu.

Forodhani nako kuna la kukumbuka. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Balbu iliyotengenezwa China haibadiliki kuwa ya Tanzania kwa sababu imenunuliwa Dar es Salaam. Mfanyabiashara apange bei yake akijua ushuru upo.

Kuna pia kadi nyingine ya njano ambayo wengi huitegemea kupita kiasi. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Burundi na Tanzania zote zimo, ni bima ya madhara unayomletea mwingine barabarani unapokuwa nchi ya kigeni. Gari lako likiungua kwa waya ulioununulia fyuzi ya ampea 30, kadi hiyo hailipi gari wala mzigo uliomo. Bujumbura haihitaji kufundishwa jinsi moto unavyofuta mtaji. Januari 27, 2013 soko kuu la mji liliteketea, na wafanyabiashara wengi walipoteza kila walichokuwa nacho asubuhi hiyohiyo.

Kuzuia moto wa taa ni nafuu kuliko hayo yote. Gari linalotoka Buyenzi leo kuelekea Kayanza au Kobero linahitaji balbu yenye namba ileile iliyo nyuma ya kasha, fyuzi ileile iliyowekwa kiwandani, na kioo kilichofutwa tope. Dereva awashe taa dakika 10 kabla ya kuondoka, ashuke, aweke kiganja karibu na waya ulio nyuma ya taa na anuse. Waya uwe wa uvuguvugu tu, na pasiwe na harufu ya plastiki. Kama harufu ipo, fundi bado yuko karibu. Bugarama usiku, katikati ya ukungu, fundi wa umeme hapatikani.